Bobini ya Volti Sita

Siku ya arobaini ya baba ilipopita, tulikaa chini kugawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Mdogo wangu wa kwanza alichukua redio, wa pili akachukua koti na baiskeli, mama akabaki na msahafu na miwani. Kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda hakuna aliyelitaka. Lilikuwa zito, limeota kutu, na mdogo wangu alishalinyanyua aende kulitupa jalalani pamoja na kandambili zilizokatika. Nikamwambia aache ujinga, kopo la marehemu halitupwi bila kufunguliwa. Mimi ndivyo nilivyo, siwezi kutupa kitu ambacho sijakiona ndani.

Nililifungua kwa ncha ya kisu. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu: oili ya siku nyingi, vumbi, na ile harufu kali ya waya ulioungua. Mlikuwa na bobini saba za pikipiki. Sita zilikuwa wazi. Ya saba ilifungwa kwenye kipande cha kitenge cha bluu chenye madoa meupe, na kwenye mikunjo yake mlikuwa na udongo mkavu. Kitambaa kile nilikijua. Nilikifukia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na miaka kama sita, na niliporudi kukitazama sikukikuta. Utotoni niliamini nimejua aliyekichukua. Nilipokua nikaamini ni mbwa au wezi. Kumbe sikuwa nimejua kitu. Nililia palepale mbele ya wadogo zangu, na mimi si mtu wa kulia ovyo, mume wangu atawaambia.

Sisi wa Bujumbura pikipiki tunaiita moto. Watu wa pwani wakitusikia hutucheka, lakini ndivyo tulivyozaliwa tukaikuta. Kwetu kulikuwa na moto wa jikoni na kulikuwa na moto ya baba, na mtoto alijua ipi ni ipi kwa kusikiliza maneno yanayofuata. Moto ya baba ilikuwa ya Kijapani, nyekundu zamani, kuukuu kuliko ndoa yao. Kila asubuhi baba alifunga kapu kubwa nyuma yake, akalijaza ndagala na mukeke kutoka kwa wavuvi wa Kajaga, akaenda kuuza Buyenzi, alikozaliwa. Tulihamia Kajaga kwa ajili ya samaki hao. Nyumba yetu, nguo zetu, nywele zetu, vyote vilinuka ndagala zinazokaukia mchangani, na nilipoanza shule ndipo nilipojua kwamba wenzangu hawanuki hivyo.

Tulikuwa wawili wakati ule, mimi na Saidi. Saidi alikuwa na miaka mitatu, miguu minene, tumbo mbele, na aliniita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa msumbufu kweli. Ukimnyima kitu analala chini. Ukimpa analala chini vilevile. Lakini baba akirudi jioni, mtoto alikimbia kwenda kuweka kiganja chake kwenye tangi la moto, anachekacheka, na baba humnyanyua hata kabla hajavua kofia.

Asubuhi moja Saidi alishikwa na degedege. Macho yalipanda juu, meno yakaumana, mwili ukakakamaa mikononi mwa mama. Baba alimwaga samaki wake wote mchangani, akawapakia wote wawili, akaondoka. Nilibaki kwa jirani. Walirudi baada ya siku nne, Saidi kakonda lakini analala chini na kudai vitu kama kawaida, na mama akawa anarudia kila siku maneno ya yule muuguzi: "Alisema mumemuleta kwa wakati. Alisema akishikwa tena musianze na majani ya nyumbani. Mumulete papo hapo. Nusu saa ni nyingi." Mama yangu, ambaye siku zote aliitukana ile moto kwa kumwagia oili uani kwake, alianza kuifunika kwa mkeka wake mzuri isipigwe na jua.

Basi nadhani mnaona tulivyokuwa. Toka Kajaga mpaka hospitali, mashine moja. Na haukupita mwezi, mashine ikaanza kufa.

Ilikuwa inakufa kwa namna ya ajabu. Asubuhi ikiwa baridi, kiki moja tu, inawaka. Ikishatembea robo saa inakohoa, inazima. Baba anashuka, anasema, "Imekufa," kwa sauti ya mtu anayesema mvua inanyesha. Anangoja pembeni ya njia. Ikishapoa, anapiga kiki, inawaka, tunaendelea. Imekufa, ngoja ipoe, piga kiki. Siku ambazo sikwenda shule alinichukua, nikakaa mbele yake juu ya tangi, na nilisikia maneno hayo mara tatu mpaka nne kwa safari moja. Neno kufa mimi nililijua kwa njia hiyo. Nilijua kuku akichinjwa anakufa, lakini kuku ni chakula. Kufa kwenyewe, kufa kwa vitu tunavyovipenda, nilijua kunachukua kama nusu saa.

Fundi wetu alikuwa Fundi Hamisi wa Buyenzi, mtu mfupi, mcheshi, mwenye gereji kwenye kivuli cha bati moja, udongo wa mlangoni mweusi kwa oili. Alichomoa waya wa buji, ile plagi ya kuwashia, akausogeza karibu na chuma cha injini, akamwambia baba apige kiki. Cheche ilitoka nyembamba, nyekundu, ikapotea.

"Moto yako haina moto, Baba Saidi," alisema. "Na moto bila moto ni baiskeli mbaya. Ni bobini hii."

Alinionyesha na mimi, kwa sababu nilikuwa nimebandika pua hapohapo. Bobini ni kidude cheusi kisichozidi ngumi ya mtoto, kinakaa chini ya tangi. Kinachukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkali, mpaka uruke kwenye buji kama cheche. Cheche ya buluu ndiyo nzima. Nyekundu ni ya uongo. Ya kwetu ilikuwa imechoka ndani. Ikipata joto waya zake zinaachana, ikipoa zinashikana tena.

"Nipe ingine," baba alisema.

"Ingine itoke wapi? Hii moto yako ni ya volti sita, na iko na platine, ya kizamani. Hizi za sasa zote ni volti kumi na mbili, zingine ni za elektroniki. Utapata zenye matundu ni yale yale, boloti zinaingia. Lakini damu si moja."

Nililishika hilo la damu. Njiani nilimuuliza baba kama bobini ina damu kweli, akasema ni maneno ya Hamisi.

Tulitafuta kuanzia mfungo mpaka ukaisha. Tulipita gereji zote za Buyenzi, kisha Rohero kwenye maduka yenye meza za vioo, baba kashika ile bobini kuukuu kwenye kitambaa changu cha bluu ili wapate mfano. Muuzaji mmoja hata hakuishika. Aliitazama tu akasema, "Mzee, nunua moto ingine." Baba alimshukuru. Mimi nilimtolea ulimi kwenye mlango, na hilo sijalijutia hadi leo. Kila tulipopata inayofanana tulimpelekea Hamisi, naye aliijaribu mbele yetu. Moja ilipasuka ndani. Moja ilikuwa ya jenereta. Mbili za volti kumi na mbili zilitoa cheche ya uongo. Nilijifunza kuijua rangi kabla fundi hajasema.

Mwishowe ikapatikana moja iliyowasha. Cheche buluu, sauti nzuri. Baba alicheka mpaka akaonyesha jino lake lililokatika. Hamisi hakucheka.

"Itawaka," alisema. "Lakini ni ya zile za elektroniki. Inakunywa umeme kupita mupaka wake. Itachemka kuliko ile ya kwanza. Usiende nayo mbali."

"Toka Kajaga mupaka hospitali?"

Hamisi alijipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. "Kama unaenda pole pole," alisema. "Na maji. Na kitambaa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilipewa chupa ya maji na kile kitambaa cha bluu, nikakaa juu ya tangi, goti langu likigusa pale chini bobini ilipo. Nikisikia joto linaniuma nasema, "Baba, imepata moto," naye anasimama kabla haijafa, mimi nalowesha kitambaa nakiweka juu yake, mvuke unatoka, tunangoja. Ilikuwa kazi yangu na nilijivuna nayo vibaya sana. Saidi akikigusa kitambaa nilimpiga mkono. "Ni ya moto," nilimwambia, "si ya watoto."

Wakati huohuo alikuwepo mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, Mama Furaha, aliyevuka mpaka kila wiki na vitenge kichwani, na ukimwagiza kitu, sufuria, dawa, piesi za moto, alikitafuta. Alikuwa mkristo wa sala nyingi na mdomo mwingi zaidi. Baba alimchorea bobini kwenye karatasi, akamwandikia chini namba sita kubwa. Mama Furaha aliikunja karatasi akaiweka kifuani.

"Mi najua penye iko moto ya namna hii," alisema. "Ya padri mumoja. Ilikufa zamani, iko ndani ya banda, kuku wanalala juu yake. Jumanne nitakuletea. Nisipoleta, uniite muongo mbele ya watu."

Jumapili ilitangulia Jumanne.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama. Saidi alikuwa na homa tangu asubuhi, mama akisema akilala itashuka. Haikushuka. Nilisikia sufuria ikianguka uani, nikakimbia, nikayakuta yale macho ya Saidi yamepanda juu tena. Mama hakupiga kelele. Alimfunga Saidi kwenye kanga, akatoka nje, akapanda moto iliyosimama, akakaa hivyo anamngoja baba ambaye alikuwa anajifuta mikono. Wiki hizo petroli ilikuwa haionekani, matakisi yote yamelala kwenye foleni mjini, na njia ya Kajaga ilikuwa nyeupe, haina gari. Sisi petroli tulikuwa nayo. Baba aliiweka kwenye jerikani chini ya kitanda kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nilipanda mbele na chupa yangu. Baba alienda pole pole kama Hamisi alivyosema. Nyuma mama alikuwa anasema, "Endesha, Baba Saidi, endesha," na baba hakuendesha zaidi, na sasa ambapo nimekuwa mzazi najua ile pole pole ilimgharimu nini. Mara ya kwanza tulisimama mahali pasipo na nyumba, majani tu na jua. Nililowesha kitambaa. Mama akanyoosha mkono.

"Leta icho kitambaa nimupanguse."

"Ni ya moto," nikasema.

Mama alinitazama. Baba akasema, bila kuinua kichwa, "Acha aiweke kwa bobini. Ikipoa tu, tumefika." Nikakiweka kwenye bobini. Mvuke ukatoka. Mama alilowesha ncha ya kanga yake kwa mate na kumfuta Saidi midomo. Moto ikapoa, ikawaka, tukaenda.

Mara ya pili haikungoja goti langu. Ilikohoa, ikafa, na maji yalikuwa yamebaki kidogo, nikayamaliza yote. Baba hakungoja ipoe. Alipiga kiki, akapiga, akapiga, mpaka mguu ukateleza na chuma kikamchana muundi, damu ikashuka kwenye kandambili, akaendelea kupiga. Mzee mmoja alikuja na baiskeli iliyobeba makaa, magunia mawili. Alitutazama mara moja tu, hakuuliza. Akaegemeza baiskeli yake na kuanza kufungua kamba ili ashushe makaa ampakie mama. Alikuwa kwenye fundo la pili.

"Baba Saidi," mama alisema. "Mutoto amepoa."

Mzee aliiacha kamba. Baba aliuacha mguu wake juu ya kiki.

Mimi nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisogea nikaweka kiganja kwenye paji la Saidi, kile kiganja changu kilichozoea kupima, na kweli amepoa, joto lote limetoka, uso umetulia. Nikageuka.

"Baba, piga kiki sasa," nilisema. "Amepoa."

Yule mzee wa makaa alivua kofia yake, akajifunika nayo uso. Baba alinitazama kwa muda ambao bado haujaisha. Kisha alishusha mguu.

Tulirudi Kajaga kwa miguu. Mama alimbeba Saidi, baba alisukuma moto, mimi nilibeba kitambaa. Katikati ya njia niligusa bobini nikaikuta baridi kabisa. "Baba, na moto imepoa," nilimwambia. Hakujaribu kuiwasha. Aliisukuma mpaka nyumbani.

Kesho yake asubuhi walifunga kanga uani, wakamlaza Saidi kwenye ubao. Nilichungulia kwenye tundu. Walikuwa wanammwagia maji, kwa birika, taratibu, upande wa kulia kisha wa kushoto, na nikaona kwamba watu wazima wanajua wanachofanya. Wanazidi kumpoza. Kisha pamba, sanda, na harufu ya kafuri, ambayo mpaka leo ikinifikia popote nashindwa kumeza mate. Wanaume wakambeba. Nilimshika baba kanzu. "Mutamupiga saa ngapi?" nilimuuliza, nikimaanisha kiki. Shangazi akanivuta ndani, akanifunga mdomo kwa mkono wake. Alidhani nauliza kama watampiga mtoto. Alisema, "Hakuna atakayemupiga, mwanangu, Mungu ni mwenye huruma." Nikatulia kidogo.

Mama Furaha hakuja Jumanne. Alikuja Jumatano, matanga yakiwa yamejaa, mikeka mpaka barabarani. Nilimwona akisimama mbali na furushi lake, anauliza watu, mkono ukapanda mdomoni. Alivua viatu, akapita katikati ya wanawake wa Kiislamu wanaosoma, na msalaba wake shingoni, akapiga magoti mbele ya baba.

"Wamenifungia mupaka jana," alisema. "Siku yote. Mi nilikuwa nayo kwa mukono."

Alimwekea baba bobini kwenye kiganja. Ya volti sita, ya yule padri, imepanguswa mavi ya kuku, safi. Baba aliishika. Alisema, "Asante, Mama Furaha." Akaiweka kwenye dirisha la chumba, juu ya ukuta, na kurudi kuketi. Hakuna aliyeitazama tena isipokuwa mimi.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa, watoto tulikuwa hatuelezwi. Nilikaa chini ya dirisha lile nikafikiri kwa akili niliyokuwa nayo. Saidi na moto walipata joto siku moja, njia moja. Wote walikufa. Wote walipoa. Wote walikataa kuwaka. Basi ni bobini, wote wawili. Na sasa bobini yenye damu moja imefika, lakini ni moja, na wagonjwa wawili. Niliipenda moto ya baba. Nilifikiri mchana mzima. Alasiri wanaume walipokwenda kusali nilipanda kwenye kinu, nikaichukua bobini dirishani, nikaifunga kwenye kitambaa changu, nikachukua na kijiko cha uji.

Makaburi yalikuwa nyuma ya msikiti mdogo, si mbali. Kaburi la Saidi lilijulikana kwa ufupi wake. Nilichimba upande wa kichwa, mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko, nikaiweka, nikafukia, nikapigapiga juu. Nilimwambia angoje kidogo, nitarudi kuangalia.

Nyumbani bobini ilitafutwa. Matanga yana watu wengi, walisema, na hata kwenye matanga wezi wapo. Nilinyamaza. Nilirudi makaburini siku ya kwanza, udongo uko vilevile. Siku nyingine vilevile. Kisha nilikwenda asubuhi moja nikakuta pale pamechimbuliwa na kufunikwa upya, taratibu. Nilichimba. Hapana kitu. Bobini haipo, kitambaa hakipo.

Saidi ameichukua. Niliruka njia nzima kurudi nyumbani. Sikumwambia mtu, nilitaka aje mwenyewe awashangaze. Kila tulipokula nilimtengea Saidi tonge na samaki mmoja mdogo, nikamweka kando ya sahani. Mama alipoona mara ya kwanza alitoka nje. Mara ya pili hakula kabisa. Niliendelea kwa wiki, sijui ngapi. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufungua mlango.

Jioni moja baba aliketi chini karibu yangu, mgongo kwenye ukuta. Alimla yule samaki niliyemtenga. Alimla wote, taratibu, na miiba. Kisha akasema, "Mutu akikufa, amekufa. Hapoi ili arudi. Unanisikia?"

"Na moto?"

"Moto haifi. Chuma hakifi. Chuma kinazima." Alinishika kichwa kwa mikono miwili, nikasikia harufu ya ndagala. "Mi ndiye nilikufundisha vibaya. Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii, hakuna mutu atasema kitu imekufa. Redio inazima. Betri inaisha. Kufa ni ya watu."

Na ikawa hivyo. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walikua wanasema "imezima" kwa kila kitu, simu, saa, taa, na watu waliwacheka shuleni, nao hawakujua sababu. Moto haikuwaka tena. Baba hakutafuta bobini nyingine. Alisema iliyopatikana imepotea, basi. Moto yenyewe aliiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, samaki wakamshinda bila moto, tukarudi Buyenzi kwenye chumba kimoja, akawa anasukuma mkokoteni wa watu mpaka kifua kikammaliza. Kila nilipomsikia anakohoa usiku nilijua ni mimi. Ningeiacha ile bobini dirishani, angekula jasho lake mwenyewe. Siku hamsini za ugonjwa wake wa mwisho nilikaa pembeni ya kitanda kile, kopo liko chini yake, na nilikuwa na neno hilo mdomoni, kwamba ni mimi niliyeichukua, na nilimpa uji.

Wiki iliyopita nilimpelekea Fundi Hamisi lile kopo. Ni mzee sasa, jicho moja lina ukungu, gereji anashika mjukuu, yeye anakaa kwenye kigoda na kusikiliza injini. Nilimwekea zile sita. Alizipapasa, akacheka kidogo, akazijua zote, hii ya jenereta, hii ya uongo, hii ile ya elektroniki, na hapo akaacha kucheka. Kisha nilimpa ya saba. Alipogusa kitambaa tu, mikono ilisimama.

"Hii alinileteaga," alisema. "Siku kidogo nyuma ya matanga. Alikuja kwa miguu toka Kajaga. Iko na udongo mubichi, mi nikauliza udongo wa nini, akasema nimepita makaburini nikamusalimia mutoto, nikaikuta. Nikamuambia ufiche, watu wakiona watasema ni ulozi. Akasema anajua. Akasema nimupimie tu."

"Ukapima?"

"Nilipima. Weee. Buluu, nene, inapiga kelele. Ile ndiyo ilikuwa yenyewe, dada. Damu moja kabisa. Nikamuambia leta moto saa hii hii, nakufungia bure, kesho unauza samaki."

Mjukuu wake alikuwa anagonga kitu nyuma yetu. Hamisi alimwashiria anyamaze.

"Akasema apana. Akaifunga tena ndani ya kitambaa. Akasema, hii si ya moto, Hamisi. Hii ni ya mutoto."

Sikumuuliza ni mtoto yupi. Nilinyoosha mkono, akanirudishia.